Mimi na besi langu, sehemu ya 5: Mtoto na spika

Wengi mmeniuliza inboksi nilichagua gitaa gani la besi. Nilichukua fupi, la nyuzi za inchi 30. Lile la kawaida ni inchi 34, kipimo cha Fender tangu 1951, na vidole vyangu havifiki. Halafu kidonda cha upasuaji kilikuwa bado kibichi, sikutaka mzigo begani.

Huku Msimbati upepo wa chumvi unakula nyuzi, kutu ndani ya wiki chache. Nafuta kila nikimaliza kupiga. Fundi redio wa Mtwara mjini alinichomea upya tundu la waya, likaacha kukoroma. Nyuzi nikaweka zile bapa, laini kwa vidole.

Sasa nikiri. Mwezi uliopita nilimlaza mwanangu wa miezi mitano karibu na spika, nikapiga. Masikio yetu hayasikii vizuri sauti nzito, kwa hiyo nikaona iko chini, nikaongeza. Ukuta ukatetemeka, mtoto akashtuka, akalia mpaka akakosa pumzi. Mimi nesi! Ambaye kliniki nawaambia wenzangu msiwaweke watoto karibu na spika za harusi.

Siku hizi nasubiri alale, naweka hedifoni, sauti ndogo. Nje ya hedifoni ni tik tik ya nyuzi tu. Bibi yake anauliza, "Mwanangu, hilo gitaa bubu ulinunua la nini?"