Mshubiri wa Bibi

Bibi alipofariki Moroto, nilirudi Entebbe na kitu chake kimoja tu: mche wa mshubiri uliokuwa mlangoni pake. Niliupanda kwenye kopo lenye udongo mweusi na samadi, nikaumwagilia kila asubuhi. Nilidhani ndiyo kuutunza. Mvua za Aprili zilipopamba moto, majani yalilegea. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa imeoza.

Chipukizi moja tu lilikuwa zima. Nililiacha kivulini siku nne, jeraha likauke. Kisha nilichanganya kipimo kimoja cha udongo na viwili vya mchanga wa chembe kubwa, vipande vya matofali na mkaa. Mchanga laini niliuepuka, maana hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Kopo nikalitoboa chini.

Mshubiri huweka akiba ya maji majanini, na hapa ziwani udongo haukauki upesi. Sasa kabla ya kumwagilia nachomeka kidole. Nikikuta unyevu, naacha.

Juzi dada aliniuliza, "Mbona mmea wa bibi umeuweka kwenye kokoto?"

Nikamjibu, "Ndivyo ardhi ya kwao ilivyo."