Sikuwamo Kwenye Orodha

Haya nakuandikia wewe uliyefika chuo bila ada, na kila orodha ikitoka unatafuta jina lako hulioni.

Mimi ni mtoto wa Newala, Mtwara. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, mama akatulea kwa vitumbua. Mwaka 2022 nilichaguliwa kusoma shahada ya menejimenti ya rasilimali watu Morogoro. Niliomba mkopo wa serikali kama wenzangu. Shilingi 30,000 za maombi zilitoka kwenye vitumbua hivyohivyo. Nilijua wanaosoma afya, uhandisi na ualimu wa sayansi hutangulizwa kuliko sisi wa menejimenti, lakini nilikuwa yatima, nikawa na tumaini.

Kumbe tatizo lilikuwa kwenye vyeti. Jina la baba kwenye cheti cha kifo lilipishana herufi moja na lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Uhakiki ukakwama.

Awamu ya kwanza ikatoka. Sikuwamo. Ya pili. Simo. Ya tatu pia.

Hosteli nilikuwa nabebwa, nalala kitanda kimoja na dada wa mwaka wa pili, Mungu ambariki. Usiku mmoja nilishindwa hata kuingia chumbani. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikakaa kwenye ngazi. Nikapiga hesabu ya nauli ya kurudi kwetu. Haikutosha. Kubaki siwezi. Kurudi siwezi. Machozi hayakutoka. Dua haikuja. Nilisema "Ya Rabi" tu, nikaishia hapo.

Alfajiri mama akapiga simu. "Umekula, mwanangu?" Nilinyamaza. Akaelewa.

Alimwendea mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye hubeba mzigo wako unapoelemea. Mjomba alikuwa akingoja pesa za mnada wa korosho, lakini hakungoja. Alikopa kwa jirani, wakaenda na mama wilayani, wakala kiapo kwa wakili, cheti kikasahihishwa. Akaniambia, "Usiondoke hapo, mpwa wangu. Sisi tupo." Afisa mikopo wa chuo akanionyesha namna ya kukata rufaa.

Nikapangiwa mkopo. Ada ikaenda chuoni moja kwa moja, na bumu, yaani pesa ya kujikimu, la shilingi 10,000 kwa siku likaingia kwangu. Siku ya kusaini bumu hilo mkono ulitetemeka, ikabidi nianze upya.

Leo nimeajiriwa. Kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu inakatwa kurejesha mkopo, nami naitoa kwa moyo mweupe, maana najua kuna mtoto wa mwenzetu anaingoja. Hata hivyo orodha yoyote ya majina ikibandikwa, tumbo bado linanikaza.

Vyeti vyako visome herufi kwa herufi, chako na cha mzazi. Dirisha la rufaa huwa la siku chache, kwa hiyo muone afisa mikopo kesho asubuhi. Na nyumbani wakikuuliza kama umekula, waambie ukweli.