Akiba Inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hii ni ya kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vema, kwa fedha iliyowekwa benki na kwa elimu iliyotiwa kichwani. Walakini iko akiba moja ambayo wahenga hawakuijua, nayo huoza. Ikipata joto huharibika. Nyingine ikiganda huharibika pia. Na ikikaa kupita muda wake haifai kitu. Akiba hiyo ni chanjo ya watoto. Katika insha hii nataka kueleza niliyoyaona na niliyoyafikiri juu ya kazi ya kuitunza katika zahanati za mashambani, kazi isiyosifiwa na mtu, ingawa uhai wa watoto wengi umeiegemea.

Nilipata kukaa majuma matatu katika kijiji kimoja cha sehemu za bara za Kilifi, mbali na barabara ya lami, nyumbani kwa shangazi yangu. Shangazi huzunguka nyumba hadi nyumba kuwahimiza akina mama wawapeleke watoto wao wakachanjwe, na mimi niliandamana naye mara nyingi hadi zahanati. Ilikuwa zahanati ndogo, yenye muuguzi mmoja ambaye kila mtu alimwita Sista, na jokofu moja lililotumia nguvu ya jua. Kila asubuhi, kabla ya kumhudumia mtu ye yote, Sista alisoma kipimajoto cha jokofu lile na kuandika hesabu yake katika karatasi iliyobandikwa mlangoni. Jioni alifanya vivyo hivyo, hata siku ya Jumapili. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, chanjo hailii. Ikiumia haisemi. Lazima awepo wa kuisemea."

Nilijifunza kwake kwamba chanjo nyingi hupenda baridi isiyopungua digrii 2 wala kuzidi digrii 8. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu huogopa joto na mwanga. Ile ya mseto, inayowakinga watoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda na maradhi mengine mawili, huogopa kuganda. Juu ya vichupa vingi pana alama ya duara, na ndani yake mraba mdogo mweupe. Kadiri kichupa kinavyopata joto, mraba ule huingia weusi; nao ukilingana rangi na duara, au ukawa mweusi zaidi, kichupa hicho hakina budi kutupwa. Basi hata kichupa kina uso wa kusomwa, kwa mtu aliyefundishwa kuusoma.

Siku moja ya Alhamisi alifika mama aliyebeba mtoto wa miezi tisa, amekuja kwa chanjo ya surua na rubela. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Chanjo hiyo haikuwapo, kwa maana Sista aliagiza vichupa na akaletewa nusu yake, nayo ilikuwa imekwisha.

"Mama, leo hakuna," Sista alimwambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba urudi Alhamisi ijayo."

"Alhamisi iliyopita uliniambia maneno hayo hayo, Sista."

Mama yule hakugomba. Alikifunga kijitabu cha mtoto katika pembe ya leso, akamrudisha mtoto mgongoni, akashika njia. Tulipokuwa tukirudi nyumbani shangazi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwendea mara tatu hata akakubali kuja. Sasa nitamrudia na maneno gani?"

Chanjo ililetwa baada ya siku kumi, ndani ya sanduku la baridi lililofungwa nyuma ya pikipiki. Shangazi alikwenda mbio nyumbani kwa mama yule akaukuta mlango umefungwa. Majirani walisema amekwenda Malindi kutafuta kibarua, na mtoto amekwenda naye. Kama mtoto yule alichanjwa huko au hakuchanjwa, sisi hatukupata kujua.

Tangu siku ile nimeona kuwa rafu tupu ya zahanati si ukosefu wa dawa tu. Mama anapoambiwa amlete mwanawe siku fulani, ameahidiwa jambo. Yeye hutimiza sehemu yake kwa miguu yake, na kwa kazi ya shamba aliyoiacha siku ile. Akikuta hakuna, ni sisi tuliovunja ahadi. Na imani iliyovunjika haiagizwi kutoka ghalani kama vichupa. Tena surua haingoji. Ni ugonjwa mwepesi mno kuambukiza, hata wataalamu hutaka watoto 95 katika kila 100 wawe wamekingwa ili usipate njia ya kupita. Watoto wachache waliokosa mwezi huu, na wachache wa mwezi ujao, hujumlika wakawa njia pana.

Pengine kijana anayesoma atauliza: kwa nini zahanati zisipelekewe chanjo tele, hata kupungukiwa kusiwepo? Na ajaribu hesabu hii. Tuseme katika eneo la zahanati huzaliwa watoto 120 kwa mwaka, yaani 10 kwa mwezi. Kichupa kimoja cha chanjo ya kifua kikuu aghalabu hutosha watoto 20, lakini kikisha kuchanganywa na maji yake, kilichobaki hutupwa baada ya saa 6. Watoto 10 wakija siku 10 mbalimbali, vitafunguliwa vichupa 10 vya kuwatosha watoto 200, na sehemu 190 zitamwagwa. Wakikusanywa siku moja, kichupa kimoja kitawatosha wote na kusaza. Lakini mama atakayefika siku nyingine ataambiwa arudi. Tele isiyo na hesabu huoza jokofuni, na uchache usio na hesabu huwarudisha watu nyumbani.

Juu ya mizani hii Shirika la Afya Duniani limetoa shauri: kichupa cha surua na kifunguliwe hata kwa ajili ya mtoto mmoja aliyefika, kwa kuwa mtoto ni bora kuliko matone yatakayomwagwa. Ni shauri la utu. Walakini muuguzi aliyebakiwa na kichupa kimoja, wala hajui kingine kitafika lini, mkono wake husita. Mwenye ghala hutoa kwa moyo mweupe. Mwenye kibaba cha mwisho hupima mara mbili. Kwa hiyo akiba ya uhakika humpa muuguzi chanjo, na pamoja nayo humpa uhuru wa kutenda wema.

Uhakika huo hujengwa na watu wengi wasioonana. Chanjo ya Kenya hutoka katika ghala la taifa, ikapita katika maghala ya maeneo, ikafika kwenye kaunti ndogo, ndipo ikaenda zahanati. Katika kila kituo yapo mambo mawili yasiyosamehewa, nayo ni baridi na hesabu. Mwandishi wa zahanati huhesabu vilivyobaki, vilivyotumika na vilivyotupwa, hutazama idadi ya watoto wanaotazamiwa, kisha huongeza kidogo kwa ajili ya siku ambazo mvua itafunga njia. Akiandika kwa kukisia, au akichelewa kuipeleka karatasi yake, kosa hilo halionekani siku ile. Huonekana mwezi unaofuata, juu ya uso wa mama aliyetembea tangu alfajiri.

Wala si haki kuutupa mzigo wote kwa watu wa chini. Mwaka 2025 Kenya yenyewe ilipungukiwa na chanjo ya kifua kikuu na ya polio, na akina mama katika kaunti nyingi walirudi na watoto wao kama walivyokuja. Hapana muuguzi awezaye kugawa kichupa ambacho hakijanunuliwa. Fedha ya chanjo ni ya kutengwa mapema na kutolewa kwa wakati, kwa sababu kuzaliwa kwa watoto hakungoji makadirio ya serikali yapitishwe.

Historia hutuonyesha ushindi unapopatikana. Ugonjwa wa ndui, uliowaua na kuwapofusha watu kwa karne nyingi, ulimpata mtu wa mwisho kwa njia ya kawaida mwaka 1977 katika mji wa Merca, nchini Somalia, jirani yetu. Jina lake Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliyekuwa karibu sana na dawa na hata hivyo hakuwa na kinga. Alipona, na mwaka 1980 dunia ilitangazwa kuwa huru na ndui. Chanjo ya ndui ilikuwa imekaushwa hata ikaweza kustahimili joto la safari ndefu. Chanjo nyingi tulizo nazo leo hazina ustahimilivu huo. Upungufu wake hatuna budi kuufidia kwa uangalifu wetu.

Vijana mnaosoma maneno haya, wachache wenu watakuwa madaktari. Wengi watakuwa makarani, madereva, mafundi wa majokofu, waweka hazina na wajumbe wa mabaraza ya kaunti. Kila mmoja wa hawa ameshika kichupa cha mtoto asiyemjua. Karani akiandika tarakimu ya kweli amechanja. Dereva akifika siku aliyoahidi amechanja. Na mjumbe akiinua mkono kupitisha fedha kwa wakati amechanja vilevile. Kwa akiba inayooza, ulinzi ni mmoja: kila mtu atimize zamu yake leo, kwa maana kichupa kitakachofika kesho hakimfai mama aliyekwisha kuondoka.