Zabibu, Zibibbo

Chupa nyingi ninazofungua kazini zina majina ya kuuma ulimi. Hii moja niliisoma bila taabu: Zibibbo. Nikarudia kimoyomoyo. Si hii ni zabibu tu?

Kumbe ni zabibu kweli. Jina limetoka kwa Kiarabu, zabib, yaani zabibu kavu. Ni neno lile lile lililofika Pwani yetu na kuishia kwenye pilau ya nyanya yangu. Huko kwingine lilivuka bahari hadi Pantelleria, kisiwa cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walikitawala kwa karne kadhaa hadi Wanormani walipokitwaa katika karne ya 12. Watawala wakaenda, maneno yakabaki. Mpaka leo kuna vijiji vinavyoitwa Khamma na Gadir.

Kisiwa chenyewe ni mawe ya volkano na upepo. Mvua ni haba. Mzabibu ukiachwa urefuke, upepo unaumaliza. Kwa hivyo mkulima huchimba kishimo, akaupanda humo, na kila mwaka akaupogoa ubaki mfupi kama kichaka kilichojificha. Kishimo hicho hutunza unyevu kidogo uliopo. Kuvuna ni kwa mkono, mgongo umepinda, magoti chini. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Ili kupata passito, mvinyo mtamu wa huko, zabibu huanikwa juani wiki kadhaa mpaka zinyauke, kisha zikatiwa kwenye juisi ya zabibu mbichi inayochacha.

Mimi sinywi. Nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu hapa Nairobi ni kumimina na kueleza. Nimejifunza kwa pua. Mvinyo mwingi huelezwa kwa matunda ambayo sijawahi kuyaona mtini, basi nakariri tu. Passito ilininukia tende, tini na asali. Meza ya futari, walai. Siku hiyo sikukariri chochote.

Nyanya anajua ninachouza. Husema anayemimina naye yumo. Pesa ninazomtumia hazikatai, lakini hazinunulii chakula. Hununua tokeni za stima. Nilipompigia kumpa habari ya hilo neno, alinyamaza kidogo.

“Na hao watu wa kisiwa, huswali?”

“Siku hizi ni Wakristo, Nyanya.”

“Basi neno limeritadi, mjukuu wangu.” Akacheka mpaka akakohoa.

Lile lingine sikumwambia. Boti ndogo bado hutoka Tunisia kwenda kisiwani humo, kama neno lilivyokwenda, kama zabibu zilivyokwenda. Wanaofika husubiri kupelekwa kwingine. Wengine baharini humo hawafiki popote. Zabibu ilipewa kishimo na ukuta wa mawe kuikinga na upepo. Ilipewa hata ruhusa ya kubaki na jina lake.

Mteja akiuliza mvinyo huu unatoka wapi, natakiwa niseme Italia. Nasema Italia. Kisha naongeza kwamba kutoka pale hadi Tunisia ni kama kilomita 70, na siku isiyo na ukungu, Afrika huonekana kwa macho.