Weupe Ulio Chini ya Mpira: Kumbukumbu za Kazi za Fundi wa Madirisha wa Katogota

Katogota ni kijiji cha Uwanda wa Ruzizi, Kivu ya Kusini, kando ya Barabara ya Taifa namba 5 inayotoka Bukavu kwenda Uvira; na kwa kuwa nyumba zake nyingi ni za matofali ya udongo na madirisha yake mengi ni ya mbao, si rahisi kuamini kwamba mwandishi wa tawasifu hii, ambaye ni mzaliwa wa hapo, amelisha watoto wake kwa kusafisha fremu za madirisha ya plastiki. Kazi yenyewe haikuanzia kijijini. Baada ya mauaji ya raia yaliyotokea Katogota tarehe 14 Mei 2000, yeye, aliyekuwa akijifunza useremala, aliwafuata ndugu zake Uvira mjini, na huko akakuta wafanyabiashara wakileta kupitia Bujumbura madirisha ya okazyo, yaani yaliyokwisha kutumika, yaliyong'olewa kwenye nyumba za Ulaya na kuuzwa kwa wenye kujenga. Mengi yalikuwa mazima, ila yalikuwa ya manjano, na mnunuzi hapendi kuweka manjano kwenye nyumba mpya.

Plastiki ya madirisha hayo huitwa PVC, kwa kirefu polivinili kloridi, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini itokanayo na chumvi, na ilianza kutumika kwa madirisha nchini Ujerumani katika miaka ya 1950. Ikipigwa na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, molekuli zake huachia hidrojeni kloridi, na mnyororo unaobaki hufyonza mwanga wa buluu, hivyo jicho likaona manjano. Ili kuchelewesha jambo hilo, viwanda huchanganya ndani yake unga mweupe uitwao titani dioksidi, ambao hukinga miale, pamoja na dawa za kutuliza plastiki, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za risasi, ile metali nzito yenye sumu, mpaka viwanda vya Ulaya vilipoiacha mwaka 2015. Fremu iliyopimiwa jua la Ubelgiji, ikiletwa karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, huzeeka upesi kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza.

Jambo ambalo mwandishi anashikilia kuwa ndilo hasa ufundi wenyewe ni kutambua, kabla ya kugusa sabuni, kama rangi mbaya imekaa juu ya plastiki au ni plastiki yenyewe iliyogeuka. Kipimo chake hakina gharama. Huinua kwa kidole ncha ya mpira wa kuzibia, yaani ukanda mweusi unaobana kioo ndani ya fremu, na kutazama sehemu ambayo mpira huo umeifunika tangu kiwandani: weupe unaoonekana hapo ndio rangi ya asili, na tofauti kati yake na uso wa nje humwonyesha mwenye nyumba kilichopotea. Kisha husugua pembe moja kwa kitambaa cheusi chenye unyevu, na kitambaa kikitoka na unga mweupe, maana yake ngozi ya plastiki imekwisha kuliwa na titani imebaki bila kishikizo. Mama mmoja wa mtaa wa Mulongwe, Uvira, baada ya kumaliza chupa nzima ya maji ya javeli, yaani dawa ya kung'arishia nguo, aliuliza, "Sasa mwanangu, hii itatoka na nini?" akajibiwa, "Mama, hii haitoki, maana haikuingia." Imani ya watu katika javeli ni kubwa kupita uwezo wake: huua kuvu jeusi la bafuni, lakini manjano ya jua haiyawezi, na bawaba za chuma huzila.

Uchafu wa juu, ambao ni vumbi jekundu la kiangazi na moshi wa makaa, huondoka kwa maji mengi kwanza, kwa sababu vumbi lina mchanga unaokwaruza, kisha kwa sabuni ya unga na sponji laini, kivulini, wala si juani ambako sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa. Matundu madogo ya chini, yaliyowekwa ili maji ya mvua yatoke, huzibuliwa kwa sipoki ya baiskeli. Manjano ya ndani hupunguzwa kwa msasa wa maji ulio laini sana, kisha kwa dawa ya kung'arishia magari, na msasa huo hautumiki mkavu hata siku moja, kwa kuwa vumbi la fremu za zamani lina risasi.

Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja nyumba na kuua watu wengi Uvira, yalileta kazi ya aina nyingine. Kwenye nyumba zilizosalia, matope yaliyokuwa yakioza yalitoa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikikutana na risasi ya fremu hutengeneza madoa ya kijivu yanayokaribia weusi, na hapo sabuni haina la kufanya. Yalifaa maji ya oksijeni, yale yanayouzwa famasi kwa kusafishia vidonda, kwa maana hugeuza doa hilo jeusi kuwa kampaundi nyeupe. Kitambaa kilicholoweshwa hubandikwa, hufunikwa kwa nailoni kisikauke, na hurudiwa mpaka weusi ufifie.

Diluanti, yaani kiyeyushi cha rangi, mwandishi hakuiruhusu kamwe kwa wanafunzi wake, ingawa ndiyo inayopendeza haraka kuliko zote, kwa kuwa hulainisha uso, ukang'aa kwa muda, kisha ukanasa vumbi la barabara nzima. Kuhusu rangi ya mafuta, ambayo wateja wengi wa Katogota huiomba iwe ya kahawia ili ifanane na mbao, msimamo wake ni kwamba upande unaopigwa na jua la alasiri haupakwi rangi nzito, kwani rangi hiyo hushika joto na PVC huanza kulainika inapokaribia nyuzi 80, fremu ikapinda na dirisha lisifungike. Upande wa kivuli hupaka, akilipwa.