Ngoma ya Jana na Ngoma ya Leo

Kila mahali wakutanapo watu wazima, penye arusi au penye msiba, hakosi mmoja asemaye ya kuwa nyimbo za siku hizi si nyimbo. Mwingine huitikia kwamba zamani watu waliimba maneno yenye maana, bali vijana wa leo wapiga kelele tu. Sisi nasi tumeyasema hayo mara nyingi, tena kwa sauti kubwa, maana mwalimu amezoea kusema bila kujibiwa. Leo twataka kuyapima maneno hayo tuone kama ni kweli, kwa kuwa yalitutia katika kosa ambalo hatujalisahau.

Kosa lenyewe ni hili. Mwaka mmoja, siku za mahafali ya darasa la saba zilipokaribia katika shule tuliyokuwa tukifundisha, wanafunzi walituletea orodha ya mambo watakayoonyesha mbele ya wazazi wao. Palikuwa na ngoma ya asili, na shairi, na igizo, na wimbo mmoja uliotungwa na msichana wa darasa lile. Tulipouliza wimbo huo ni wa namna gani, tulijibiwa kuwa ni wa Bongo Flava. Hatukuuliza neno la pili. Tulichukua kalamu tukaukata. Yule msichana alisimama kidogo mlangoni, akasema, "Haya, mwalimu," akaenda zake. Siku ya mahafali aliketi kimya katikati ya wenzake, nasi tukajiona kuwa tumeilinda heshima ya shule.

Haukupita muda mrefu baba yetu akafariki. Matanga yalipokwisha, tuligawana vitu vyake, nasi tukapewa sanduku la sahani za santuri na gramafoni yake. Baba alikuwa kijana wa Morogoro katika miaka ya 1960, na mji ule ulikuwa na bendi mbili zilizosifiwa kila mahali. Moja ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Ya pili ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanza mwaka 1948 kwa jina la La Paloma. Baba alikuwa akitusimulia jinsi watu walivyohuzunika Salum Abdallah alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na jinsi Mbaraka Mwinshehe alivyosafiri na wenzake wa Morogoro Jazz hata Osaka, katika nchi ya Japani, mwaka 1970, kupiga muziki kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Kwa baba, muziki ulikufa Januari 1979, Mbaraka alipofariki naye kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Yote yaliyofuata aliyaita makelele.

Neno hilo, makelele, halikuwa lake. Alilirithi. Babu yetu, ambaye alikaa kwetu katika uzee wake, kila aliposikia gramafoni ikiimba alisema, "Zima makelele hayo." Akauliza ni ngoma gani hiyo ambayo mwanamume amshika mwanamke kiunoni, na mpigaji hajulikani ni mtoto wa nani. Kwake yeye ngoma ya haki ilikuwa beni, aliyoicheza katika ujana wake, watu wakivaa sare, wakipiga matari na baragumu, wakitembea kwa safu kama askari.

Lakini je, wazee wa babu waliisifu beni? La, hata kidogo. Ngoma hiyo ilianza pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za askari wa Kizungu. Wachezaji waligawanyika katika vyama vilivyoshindana, kama Marini na Arinoti, wakajipa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Ikaenea barani, hasa katika vita vya 1914 hata 1918 na baada yake, ikichukuliwa na askari na wapagazi. Wazee wengi waliilaumu ya kuwa yaleta gharama na majivuno na ugomvi. Wamisionari nao na maafisa wa serikali waliitazama kwa jicho la shaka. Basi babu yetu, aliyewaita wacheza dansi wahuni, yeye naye aliitwa mhuni katika siku zake, na labda kwa neno lile lile.

Utazameni mlolongo huo. Wazee waliidharau beni. Wacheza beni wakalidharau dansi. Wapenda dansi wakaidharau Bongo Flava ilipozuka katika miaka ya 1990, wakauita muziki wa kihuni. Kama wote wangekuwa wamesema kweli, ingekuwa ngoma zetu zaanguka kila siku kwa muda wa miaka mia na zaidi, na kitu kiangukacho muda huo wote hakina budi kuwa kimekwisha fika chini. Mhubiri alikwisha kutuonya, katika sura ya 7 ya kitabu chake, kwamba kuzisifu siku za kale kupita hizi si swali la mwenye hekima.

Wengine husema, "Shida yetu ni moja tu, nyimbo hizi si zetu, zimeigwa kwa wageni." Lakini dansi la Morogoro, ambalo baba aliliona kuwa letu halisi, lilijifunza mengi kwa watu wa Kuba, kwa njia ya sahani za santuri zilizoanza kufika Afrika katika miaka ya 1930. Jina la Cuban Marimba latosha kuwa shahidi. Na mapigo hayo ya Kuba yalitoka kwa nani? Sehemu kubwa yalitoka kwa Waafrika waliochukuliwa utumwani ng'ambo ya bahari. Wimbo ulikwenda mtumwa ukarudi mgeni, nasi tukamwuliza jina lake mlangoni.

Wala jambo hili si la Morogoro peke yake. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na wako waliomcheka kwa ajili ya asili yake na sura yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri kwa lugha ya Kiswahili, na leo hatajwi mtu wa taarabu asitajwe yeye.

Sasa turudi kwenye sanduku la baba. Tulikaa jioni saba tukizisikiliza sahani zote, moja baada ya moja, nazo zilikuwa 41. Nyimbo zipatazo sita zilitushika hata tukaacha chakula kikapoa. Kumi hivi zilikuwa za wastani. Zilizobaki, wasomaji wetu, zilikuwa za kuchosha: jina la mwanamke likarudiwa mpaka sahani ikaisha, au bendi ikajisifu yenyewe, au sauti ya wimbo uliopendwa ikachukuliwa ikavikwa maneno mengine. Baba hakutusimulia hizo hata siku moja. Redio nayo haizipigi. Zimesahauliwa, na zilistahili kusahauliwa.

Hapo tukaona tulivyojidanganya. Wakati ni ungo. Miaka hamsini imepepeta nyimbo za baba, makapi yakaruka, zikabaki punje chache safi. Bali nyimbo za leo zingali uwanjani zimetoka kupurwa juzi. Basi sisi twalinganisha mchele wa jana na mpunga wa leo, kisha twasema shamba limeharibika.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Yako mambo mawili. La kwanza, zamani wimbo ulipita katika mikono mingi kabla ya kutufikia. Ulijaribiwa ukumbini mbele ya wachezaji. Tena, ulipopelekwa Radio Tanzania, ilikuwapo kamati ya kuyasikiliza maneno yake kwanza. Ungo huo ulizuia machafu mengi, na mara nyingine ulizuia pia maneno ya kweli yasiyowapendeza wakubwa. Tangu miaka ya 1990, zilipofunguliwa redio za watu binafsi, na baadaye zilipokuja simu za mkononi, kijana aweza kutunga asubuhi chumbani mwake na kusikiwa na maelfu jioni. Kwa hiyo ni kweli kwamba masikio yetu yapata makapi mengi kuliko zamani. Lakini wingi wa makapi si dalili ya kuwa punje zimekwisha. Huenda ni dalili ya kuwa waliolima ni wengi.

La pili ndilo zito, nalo hutuhuzunisha. Beni ya babu ilitaka mtaa mzima: mshona sare, mpiga tari, mwenye baragumu, akina mama wa kupika. Bendi ya baba ilitaka watu kumi au zaidi. Siku hizi katika arusi nyingi kijijini kwetu hukodishwa kipaza sauti, kijana mmoja hukaa penye mtambo, na wengine husimama wakipiga picha kwa simu zao. Watoto wajua kutazama, lakini hawajui kupiga. Hilo twalililia kwa haki. Hasara yetu si kwamba nyimbo zimekuwa mbaya. Hasara ni kwamba wazifanyao ni wachache na wazitazamao ni wengi.

Na hapa ndipo kosa letu lilipotuchoma. Siku moja tulikuwa tukipanga madaftari yaliyosahauliwa kabatini, tukaliona la yule msichana. Katika ukurasa wa mwisho aliuandika wimbo wake. Ulikuwa na beti tano, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, kama tulivyowafundisha ubaoni huku tukinung'unika kwamba vijana hawayajali tena mambo hayo. Maneno yake yalihusu mto ambao watoto wauvuka wakati wa masika, wakubwa wakitangulia na wadogo wakishikana mikono, na gogo la kuvukia lililooza. Katika ubeti wa tano aliwauliza wazee, kwa heshima, ni lini watalibadili.

Wazee hao walikuwapo siku ya mahafali. Mwenyekiti wa kijiji aliketi kiti cha mbele. Wangeusikia wimbo ule, lakini tuliukata sisi. Masika yaliyofuata watoto waliendelea kulivuka gogo lile lile, nasi tulipomtafuta msichana tumwombe radhi, tuliambiwa kuwa amehamia kwa ndugu zake wilaya nyingine. Tulilalamika kwamba watoto watazama tu wala hawatendi, na mmoja alipotenda, tulimketisha pamoja na watazamaji.

Tulilipeleka daftari kwa mwenyekiti, akalisoma lote amesimama. Gogo lilibadilishwa kabla ya vuli. Lakini mwenye wimbo hajui.

Basi walimu wenzetu, na ninyi wazazi, hatusemi kwamba kila kipya ni chema. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na vidonda viko. Lakini kidonda hujulikana kwa kutazamwa. Mtoto akikuletea wimbo, usiulize kwanza ni wa namna gani. Keti usikilize mpaka mwisho, ndipo ushike kalamu. Na kama nyumbani kwako kuna ngoma iliyotundikwa ukutani, ishushe umpe mtoto aipige. Hivyo ndivyo tufanyavyo sisi sasa kila mwaka mahafali yakikaribia, na daftari lile tungali tumeliweka, ili mwenyewe akirudi tumkabidhi.