Asilimia ya Nini?

Mwaka 2021 niliombwa nitafsiri kipeperushi cha chanjo ya korona kwa ajili ya wazee wa mtaani kwetu, Mombasa. Mazoea ya utunzi yaliniponza: nikaibana sentensi kama kipande cha mshororo. "Chanjo hii huwakinga watu 95 kati ya 100." Mjomba akaisoma, akavua miwani. "Na hao watano, mpwa wangu, si ndio sisi wazee?" Sikuwa na jibu, nikacheka. Akasema atasubiri.

Tarakimu ilikuwa kweli. Sentensi ilikuwa uongo. Katika jaribio la chanjo ya Pfizer na BioNTech, ambalo matokeo yake yalichapishwa Desemba 2020, watu wapatao 43,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakadungwa chanjo, nusu maji ya chumvi, wala hapana aliyeambiwa amedungwa nini. Upande wa maji ya chumvi waliugua 162. Upande wa chanjo, 8. Basi ile 95 haihesabu waliochanjwa. Inahesabu wagonjwa: katika kila mia ambao wangaliugua, 95 hawakuugua.

Nilichokiangusha njiani ni -ngali-, kiambishi cha jambo ambalo halikutukia. Kundi la maji ya chumvi ndilo -ngali- ya kundi la chanjo. Bila hilo, asilimia haina mwenyewe.

Ama ugonjwa mkali, wagonjwa walikuwa 10 tu, 9 kwa 1. Idadi hiyo ni ndogo mno kuegemewa. Kwa hiyo kipimo chake kilitafutwa baadaye mahospitalini, miongoni mwa waliolazwa kwa shida ya kupumua: hutazamwa wangapi walichanjwa kati ya wenye virusi, na wangapi kati ya wasio navyo. Kadiri waliochanjwa wanavyokuwa haba upande wa kwanza, ndivyo kinga inavyoonekana kubwa.

Mjomba aliugua kabla hajachanjwa. Alilala siku tisa kwenye oksijeni. Shangazi yangu aliniuliza ukumbini, taratibu, kana kwamba anauliza bei: "Angalichanjwa, asingalilazwa?" Elfu arubaini na tatu wanaweza kujibiwa swali hilo. Mtu mmoja hana nusu ya pili ya kulinganishwa nayo.

Alirudi nyumbani, sauti imepungua. Nilimpelekea sentensi mpya: "Pale ambapo wangaliugua watu ishirini wasiochanjwa, kwa idadi ileile ya waliochanjwa huugua mmoja." Akaisoma mara mbili.

"Ndefu," akasema, akaniomba kalamu aongeze mkato.